Njia ya Pili Isipite Penye Moto Uleule

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tunataka tuongee juu ya jambo ambalo wengine wenu watasema si letu: moto ndani ya kituo cha umeme wa nyuklia. Ni kweli, hapa Kenya hatuna kituo cha namna hiyo. Lakini mipango ya kujenga kimoja imekuwako kwa miaka mingi. Uyombo kule Kilifi ilitajwa, na mwaka wa 2024 wakazi wakaandamana kuipinga. Baadaye Siaya nayo ikatajwa. Sisi tunapotembelea vikundi tunaulizwa, "Je, kitu hicho kitalipuka?" Hatukuja kuwaambia mkubali au mkatae. Tumekuja kuwapa swali lingine la kuuliza, na tunaamini ni bora kuliko hilo.

Kwanza tuelewe kazi ya kituo chenyewe. Tanuri la nyuklia huchemsha maji, mvuke ukazungusha mashine, mashine ikatoa umeme. Kukitokea hatari, vyuma maalum huingizwa katika tanuri na kulizima kwa sekunde chache tu. Basi mtu atasema, si limezimwa, hatari imekwisha? Hapana. Mama anayepikia makaa anajua: ukiacha kupepea jiko, chungu hakipoi papo hapo. Tanuri hili nalo, mara tu linapozimwa, hubaki na joto kama asilimia 6 au 7 ya lile la kawaida. Baada ya saa chache hushuka hadi asilimia 1 hivi. Msidharau asilimia hiyo, maana tanuri lenyewe ni kubwa mno. Maji yasipozidi kupelekwa ndani, siku baada ya siku, joto hilo litayeyusha kuni zake, yaani zile fimbo za urani, na sumu yake inaweza kutoka nje.

Kwa hiyo kuzima kwa usalama ni mambo mawili: kusimamisha tanuri, halafu kuendelea kulipoza. Kulipoza kunataka pampu, pampu inataka umeme, na umeme hupita katika nyaya. Sasa moto ukila nyaya itakuwaje?

Jambo hilo lilitokea kweli Marekani, katika kituo kiitwacho Browns Ferry, jimbo la Alabama, tarehe 22 Machi 1975. Matanuri mawili yalikuwa yakifanya kazi na la tatu lilikuwa bado linajengwa. Chini ya chumba cha kuongozea mitambo palikuwa na chumba cha nyaya. Kutoka hapo nyaya zilipita katika matundu ya ukuta kwenda kwenye jengo la matanuri. Matundu hayo yalitakiwa kuzibwa yasipitishe hewa.

Wafanyakazi waliyaziba kwa sponji, ya jamii ile ya magodoro yetu. Na ili kujua kama hewa bado inapenya, walishika mshumaa unaowaka karibu na tundu. Mwali ukilala, basi hewa inapita. Mnamo saa sita na dakika ishirini mchana mwali ulilala kweli, ukavutwa ndani ya tundu, sponji ikashika moto.

Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale walikuwa wanaziba ufa hasa! Kosa lao ni kuuziba kwa kitu kinachowaka, na kuukagua kwa moto. Tena siku mbili kabla, moto mdogo wa namna hiyohiyo ulikuwa umetokea na ukazimwa. Uliandikwa kitabuni, watu wakauzungumza, kisha kazi ikaendelea kwa mshumaa uleule.

Wafanyakazi walijaribu kuuzima wenyewe, na karibu robo saa ikapita kabla kengele ya hatari kulia. Wakati huo moto ulikuwa umeshavuka ukuta. Uliwaka zaidi ya saa 7, ukaharibu nyaya zaidi ya 1,600. Katika tanuri la kwanza, pampu zote za dharura za kupozea zilishindwa kufanya kazi. Katika chumba cha kuongozea, taa za onyo ziliwaka ovyo, watu wakawa hawajui waamini ipi. Maji yaliyofunika kuni za tanuri, ambayo kwa kawaida huwa zaidi ya mita 5, yalishuka yakabaki kidogo zaidi ya mita 1.

Waliokoka kwa sababu wahudumu walipunguza nguvu ya mvuke, kisha wakasukuma maji kwa pampu nyingine ambazo hazikuwekwa kwa kazi hiyo ya dharura. Mkuu wa zimamoto wa mji wa karibu aliwashauri mapema watumie maji. Wakuu wa kituo waliogopa kumwaga maji penye umeme, wakangoja mpaka jioni. Walipokubali, moto ulizimika kwa muda mfupi. Hakuna aliyekufa, wala sumu haikuwafikia watu kwa kiasi cha kuwadhuru. Lakini kituo kilikaa zaidi ya mwaka bila kutoa umeme.

Sasa sikilizeni jambo kuu. Kituo hicho hakikuwa na upungufu wa vifaa. Kilikuwa na pampu za akiba, na akiba ya akiba. Lakini nyaya za pampu ya kwanza na nyaya za zile za akiba zilipita katika chumba kimoja. Moto mmoja ukazikuta zote pamoja. Ni kama kikundi chenye funguo mbili za sanduku la fedha, zote zimefungwa kwenye kamba moja. Kamba ikipotea, hamna ufunguo wa pili. Mlijidanganya tu kwamba mnao.

Mwaka 1980 Tume ya Kudhibiti Nyuklia ya Marekani ilitoa sheria mpya. Nyaya za njia mbili za kuzimia zitenganishwe kwa ukuta unaostahimili moto kwa saa 3. Au ziachane kwa futi 20, yaani mita 6 hivi, bila kitu cha kuwaka katikati, na pawe na vifaa vya kunusa moto na vya kuuzima vyenyewe. Au njia moja ifunikwe kwa kinga ya saa 1, pamoja na vifaa hivyohivyo. Na pale ambapo kutenganisha hakuwezekani, kama chumba cha kuongozea chenyewe, pawe na mahali pengine pa kuzimia tanuri, pasipotegemea chumba hicho.

Kwa hiyo ndugu zetu, wataalamu watakapokuja na picha nzuri na soda, msiulize tu, "Ni salama?" Watajibu ndiyo. Waulizeni hivi: "Njia ya kwanza ikiungua, ya pili inapita wapi?" Waambieni wawaonyeshe kwenye ramani. Swali hilo halihitaji digrii. Mama wa kuuza mboga anaweza kuliuliza, na anayo haki ya kujibiwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni kasoro gani ndogo tumeiona, tukaiandika kitabuni, kisha tukaiacha?

2. Katika kinu chetu cha posho au ghala letu, moto ukishika mlangoni, watu watatokea wapi?

3. Akiba ya kikundi na hesabu zake zimewekwa pamoja? Tukipoteza moja, tutabaki na nyingine?

4. Mradi mkubwa ukiletwa kwetu, nani atauliza swali la njia ya pili, na nani atakwenda kuliangalia jibu kwa macho yake?