Betri ya Moyo na Chaja ya Bajaji
Maelezo yaliyotolewa na daktari wa kliniki ya moyo ya hospitali ya wilaya katika kikao cha wadau wa huduma za jamii



Nimepewa dakika chache nijibu swali ambalo limekuwa likiulizwa kliniki tangu vijana wetu walipoanza kuchaji bajaji za umeme karibu na lango la hospitali. Je, mtu aliyewekewa betri ya moyo anaweza kupita pale bila kudhurika? Jibu langu ni ndiyo. Nitaeleza na sababu, maana jibu tupu halimtoi mtu hofu.

Yuko mama mmoja, mtu mzima, ambaye sitamtaja. Aliwekewa kifaa hicho Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na kwetu alikuwa akihudhuria kliniki bila kukosa. Mwaka huu akapotea. Tulipomfuata nyumbani, alituambia amesikia kwamba umeme wa chaja huvuta nguvu ya betri ya moyo hadi ikazima. Basi hapiti tena langoni, wala hapandi bajaji ya umeme kwenda stendi. Kwa hofu hiyo alikuwa ameikosa hata safari ya Dar es Salaam ya kupimwa kifaa chenyewe. Hilo ndilo lililonishtua. Betri ile hudumu miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 5, na si ajabu kufika 10. Lakini huisha, na kipimo ndicho kinachotuonya mapema.

Hofu yake haikutoka hewani. Kifaa cha moyo hufanya kazi mbili: husikiliza na huchochea. Kwa waya mwembamba uliopenya ndani ya moyo, husikiliza umeme wa moyo wenyewe, ambao hupimwa kwa sehemu za elfu za volti. Moyo ukichelewa, huuchochea. Sasa, kelele ya umeme wa nje ikiingia, kifaa chaweza kudhani moyo unapiga, kikanyamaza wakati ambapo hakikupaswa kunyamaza. Kwa wale wenye kifaa cha aina ya pili, kinachoushtua moyo uliokwenda mbio, kelele hiyo yaweza kuleta mshtuko usiohitajika. Kwa sababu hiyo vifaa vya sasa hufunikwa kwa madini ya titani na kuwekewa vichujio vya kuzuia kelele.

Wenzetu wa Kituo cha Moyo cha Ujerumani, mjini Munich, walilipima jambo hili kwa watu. Mwaka 2018 walitangaza matokeo ya wagonjwa 108 na magari manne ya umeme. Mwaka 2023 wakaja na jaribio kali zaidi: wagonjwa 130, chaja za kasi, gari moja likiwa na uwezo wa kupokea kilowati 350, na kuchaji mara 561. Hawakuwasimamisha wagonjwa mbali. Waya wa kuchajia uliwekwa juu ya kifua, palepale kilipo kifaa, ili kama kuna dhara lionekane. Katika mara zote hizo, hakuna kifaa hata kimoja kilichokosea. Bajaji zetu huchajiwa kwa soketi ya kawaida ya volti 230, nguvu iliyo ndogo mno ukiilinganisha na ile ya Munich.

Hata hivyo tahadhari inabaki. Chomeka, kisha ondoka. Usiketi ukiegemea chaja, wala usiubebe waya begani ukiwa na umeme. Zile chaja zisizotumia waya ni teknolojia nyingine, na majaribio niliyoyataja hayakuzihusu.

Nikiruhusiwa kuchepuka kidogo: ninawaona wazee wanaoizunguka chaja kwa mbali, huku simu imelala katika mfuko wa shati juu ya kifaa. Baadhi ya simu mpya zina sumaku ndani yake, na sumaku ikigusana na kifua yaweza kubadili utendaji wa kifaa. Simu ikae umbali wa sentimita 15 au zaidi, na mazungumzo yafanyike kwa sikio la upande wa pili.

Waheshimiwa Madiwani, kwenu nina ombi moja, nalo linahusu nyaya za kile kibanda. Nimepita pale nikaona waya uliochunika umefungwa kwa mfuko wa plastiki, na soketi isiyo na waya wa ardhini. Umeme unaovuja huua mtu yeyote, mwenye kifaa na asiye nacho. Kwa mwenye kifaa, hata uvujaji mdogo ambao mwingine angeuhisi kama mtekenyo waweza kusomwa kama mapigo ya moyo. Naomba kibanda kikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA kabla ya mvua kuanza, na vijana wasifukuzwe. Wasaidiwe kukitengeneza, kwa kuwa bajaji hizo ndizo zinazotuletea wagonjwa.

Yule mama tumempangia tarehe mpya ya Dar es Salaam. Wengine wenye kadi ya kifaa, njooni nayo kliniki tuangalie tarehe zenu. Niko tayari kwa maswali.