Gitaa Tulilolijenga Wenyewe: Hotuba ya Katibu wa Kwaya



Leo kwaya yetu inapotimiza miaka 25, mtaliona gitaa moja pale karibu na mimbari. Halina jina la kampuni. Tulilijenga wenyewe nyuma ya kanisa, jioni baada ya kazi, tukiongozwa na mzee wetu wa sauti ya besi ambaye ni seremala Gikomba.

Kinanda chetu hutegemea stima, na hapa Eastlands stima hupotea bila kuaga. Tena hakibebeki kwenda matanga Kaloleni, wala kupandishwa ngazi Umoja tukienda kumwombea mgonjwa. Gitaa hufika kote. Wazazi wetu wanamkumbuka George Mukabi wa magharibi mwa Kenya: gitaa bila stima, chupa ya soda ikikwaruzwa kushika mdundo, na wimbo umekamilika. Vijana wengi wa enzi hizo walijifunzia gitaa la debe lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli.

Shingo ya gitaa letu ilitoka kwenye benchi la mvule lililovunjika mguu. Uso ni mbao ya saipras iliyopigwa randa mpaka ikabaki milimita 3. Uso ukiwa mnene, gitaa huwa bubu. Ukiwa mwembamba bila msaada, nyuzi sita za chuma, ambazo kwa pamoja huvuta zaidi ya kilo 60, zitauharibu. Kwa hiyo ndani tulibandika vijiti vya kuushikilia. Mbavu tulizilowesha maji, tukazipinda polepole juu ya bomba lililopashwa moto.

Kisha ikaja hesabu. Urefu wa uzi ni sentimita 65. Gawanya kwa 17.817, unapata karibu sentimita 3.65, hapo ndipo penye freti ya kwanza. Kinachobaki kigawanye tena kwa 17.817, uendelee hivyo hivyo. Freti ya 12 huangukia katikati kabisa, sentimita 32.5, na uzi hutoa sauti ile ile, oktavu moja juu. Vijana waliokimbia hesabu shuleni ndio walioshika penseli na rula.

Sasa wapendwa, tuna jambo. Mwezi wa Desemba mzee wetu anarudi mashambani kupumzika. Gitaa litabaki, lakini mikono inayojua kulijenga itaondoka. Kwaya hii ina sauti nyingi. Fundi ni mmoja tu.

Hivyo kamati imekubaliana kwamba kabla hajaondoka, vijana sita watajenga gitaa la pili. Yeye atakaa kitini, aangalie na kusahihisha. Msumeno na randa watashika wao. Funguo na nyuzi tutanunua. Mbao tunaomba kwenu: kitanda cha zamani, mlango, meza. Mradi haijaliwa na mchwa, ileteni.

Nalo gitaa la kwanza halitafungiwa stoo. Anayetaka kujifunza ataandikisha jina kwa katibu, aliazime kwa wiki moja. Likipasuka, litarekebishwa hapa hapa, maana tunajua kila kipande kilipotoka.

Vijana, daftari la majina liko mezani mlangoni. Nafasi ni sita.