Mchoraji Naye Ana Jina



Katika matamasha ya vitabu vya watoto huko Uingereza yuko mgeni ambaye kwa miaka mingi alialikwa kama msindikizaji tu. Huyo ni mchoraji. Mwandishi huketi katikati ya jukwaa na kusoma; mchoraji huketi pembeni, na mwishoni huulizwa swali moja la heshima.

Mpeni karatasi na kalamu, mambo hugeuka. Chris Riddell, aliyezaliwa Cape Town mwaka 1962 na ambaye pia amechora katuni za siasa katika gazeti la The Observer, huchora mbele ya hadhira huku karatasi yake ikimulikwa kwenye kiwambo kikubwa. Amepata kuchora hivyo wakati mwandishi Neil Gaiman akizungumza jukwaani. Mstari wa kwanza si kitu. Wa pili huenda ni pua. Ufikapo wa tano, ukumbi mzima umekwisha kujua kwamba hilo ni zimwi. Mtoto aliyedhani kuwa picha huzaliwa kitabuni huona kwa macho yake kwamba ni mkono wa mtu unaoifanya, na kwamba mkono huo hukosea, husita, kisha hutengeneza. Somo hilo mwalimu angelihitaji muhula mzima kulifundisha.

Baada ya hapo huja foleni ya kutia sahihi. Mwandishi huandika jina lake na kuita mwingine. Mchoraji haachiliwi kwa jina: kila mtoto anataka picha yake, huyu paka, yule joka. Kwa hiyo foleni yake ndiyo ndefu, na mkono wake ndio unaouma jioni. Na malipo? Januari 2016 mwandishi Philip Pullman alijiuzulu ufadhili wa tamasha la Oxford kwa sababu wazungumzaji hawakuwa wakilipwa. Mwenye hema hulipwa, mwenye viti hulipwa. Anayewavuta watu waje hupewa shukrani.

Wako wanaosema kwamba picha ni pambo tu, na hadithi ndiyo kitabu. Hao na waulize habari za kitabu cha Roald Dahl kiitwacho The BFG, kilichotoka mwaka 1982. Mwanzoni jitu la hadithi hiyo lilivaa viatu virefu na vazi la ngozi kifuani. Quentin Blake alichora kama alivyoambiwa, na picha hazikupendeza. Dahl akampelekea kwa posta sandali yake mwenyewe kuukuu, ndiyo jitu likavaa, na maandishi yakabadilishwa yafuate picha. Huyo si mpambaji. Ni mtunzi mwenza.

Hata hivyo, nishani ya Carnegie ya waandishi wa vitabu vya watoto ilianza mwaka 1936, na wachoraji walingoja hadi 1955 ndipo ikaanzishwa ya Kate Greenaway. Katika miaka ya 2010 mchoraji Sarah McIntyre alilazimika kuendesha kampeni ili wenzake watajwe majaladani, katika orodha za tuzo na katika uhakiki wa magazeti. Jambo hilo si la majivuno. Asiyetajwa hatafutwi kwa kazi nyingine, na asiyetafutwa hana nguvu ya kujadili mrabaha wake.

Tanzania wachoraji wa namna hiyo wapo. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga aliyetoka katika sanaa ya Tingatinga, huandika na kuchora mwenyewe, basi jina lake halina pa kupotelea. Ingawa ilikuwa Uswisi iliyotangulia kumchapisha. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umewafunza wachoraji pamoja na waandishi, na vitabu vyake vimefika shuleni. Mwalimu anapokisomea darasa kimojawapo hutaja jina la kitabu na la mwandishi. La mchoraji mara nyingi limo ndani, ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo. Nalo lisomwe kwa sauti.