Alitumwa Nyumbani Kwake



Somo letu ni Marko mlango wa 5, mstari wa 1 hadi wa 20. Mtu yule wa nchi ya Wagerasi alikuwa amefungwa minyororo mara nyingi, akaikata. Alikaa makaburini. Alipopona alitaka kumfuata Yesu chomboni, lakini Bwana hakumruhusu, akamtuma nyumbani kwa watu wake.

Mimi huwaza sana juu ya nyumba ile. Je, walimwekea chakula? Au walifunga mlango walipomwona anakuja?

Hapa kwetu Kitui na Makueni nyumba za namna hiyo zipo. Kijana anaugua akili, anafungwa kamba kibandani, na wageni wakija hatajwi. Mama anauza mbuzi apate kumlipa mganga, kisha anauza mwingine. Nao wahubiri wengine humwambia, ni pepo huyo, tupa dawa. Ndugu zangu, Mathayo 4:24 huwataja wenye pepo mbali na wenye kifafa. Dawa za akili zikiachwa ghafula, mara nyingi ugonjwa hurudi. Ombeni, wekeni mikono, lakini vidonge msiviguse. Tabibu ndiye wa kuvipunguza.

Zamani wengi walidhani matibabu ni Mathari tu, hospitali ile ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910. Lakini katika miaka ya 2010 shirika la Profesa David Ndetei, Africa Mental Health Foundation, liliwafundisha wauguzi, wahudumu wa afya vijijini, viongozi wa dini, hata waganga wa kienyeji huko Makueni, wamtambue mgonjwa na kumwelekeza kwenye kituo cha afya. Ikiwa mganga wa kienyeji alikubali kumpeleka mgonjwa zahanati, mzee wa kanisa ashindwe?

Tena mtazameni mama mwenyewe. Halali usiku. Siku ya kliniki anapanda matatu na mwanawe, abiria wanasogea kando. Mmoja wenu aende naye siku hiyo, na nauli mchange. Mwingine akae na kijana Jumapili, mama apate kuja ibadani. Na kijana akitulia, mwiteni kwa jina lake, mpeni mkono, mpeni kiti kanisani pamoja na wenzake. Msizungumze habari zake mbele yake kana kwamba hasikii.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemtuma mtu yule nyumbani, utusaidie kufungua mlango. Uwape usingizi akina mama wanaokesha usiku huu. Amina.