Daftari Moja, Mikono Mingi



Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa kando ya Ziwa Victoria waliweka wapimaji wao wenyewe, ili mizani ya mnunuzi isiwapunje. Katika juhudi hizo ndimo ulimochipuka ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza. Somo la mizani lilikuwa moja: hesabu iwe wazi, na anayeiandika ajulikane.

Leo hesabu za vyama vingi zimo katika kompyuta, na somo ni lile lile. Programu nyingi za uhasibu zina kikomo cha watu wanaoweza kuzitumia kwa wakati mmoja. Tally ya daraja la Silver, kwa mfano, ni ya kompyuta moja; ya Gold hutumika katika kompyuta nyingi zilizounganishwa ofisini. Sababu ya kwanza ya kikomo ni leseni, yaani kiasi kilicholipiwa. Ya pili ni usalama: watu wawili wakiandika mahali pamoja, mmoja aweza kufuta kazi ya mwenziwe.

Hatari huanza pale kikomo kinapokwepwa kwa kunakili hesabu. Chukulia chama chenye salio la shilingi 500,000. Karani achukua nakala katika flashi, aingiza malipo ya wakulima, shilingi 200,000. Siku hiyo hiyo mtunza hazina aingiza katika kompyuta ya ofisi ununuzi wa magunia, shilingi 50,000. Nakala moja yaonyesha 300,000, nyingine 450,000. Ukweli ni 250,000. Nakala ya karani ikiwekwa mahali pa ile ya ofisi, magunia hutoweka vitabuni, na mtunza hazina ndiye atakayeulizwa.

Kuazimana neno la siri nako hakufai, kwani makosa ya wote hubeba jina la mmoja.

Hivyo basi, kabla ya kununua programu, chama kihesabu mikono itakayoandika, kisha kiulize kikomo. Penye leseni moja, pawe na zamu. Stakabadhi zisubiri zamu ifike. Anayetaka kusoma tu apewe taarifa iliyochapwa. Nakala ya akiba ifanywe kila jioni, na mtu yeyote asiandike ndani yake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na madaftari mawili yasiyopatana ni sawa na kukosa daftari.