Mtoto Mchanga wa Nyumbani na Wajibu Wetu Tulio Ugenini



Nimetakiwa niseme machache juu ya mama wa kijijini na mtoto mchanga. Huenda wapo wanaojiuliza mzee mwanamme anaingilia nini mambo ya uzazini. Ninayo sababu, nami naomba mnivumilie niieleze.

Mwaka 1984 nilikuwa karani katika ofisi ya serikali kaskazini ya Pemba. Vijikaratasi vya mafunzo ya afya vilipita mezani kwangu. Nilivihesabu, nikavitilia saini, vikapelekwa vijijini. Sikuchukua hata kimoja kwenda nacho nyumbani, kwa kuwa niliona hizo ni habari za wanawake. Mwaka huo huo mke wangu alijifungua nyumbani mtoto wa kike, kifungua mimba wetu. Kitovu kikapakwa majivu na mafuta ya nazi, kama tulivyopakwa sisi sote. Siku ya sita mtoto akaacha kunyonya. Taya zikabana, na kila alipoguswa mwili ukakakamaa. Tukasema ni degedege, tukahangaika na dawa za kienyeji. Tulipofika hospitali usiku ulikwishaingia, na mwanangu hakuiona asubuhi. Hapo ndipo nilipotajiwa maradhi yale: pepopunda, iliyomwingia kwa kitovuni.

Twashukuru hali imebadilika. Wajawazito huchanjwa, na mwaka 2012 ilithibitishwa kuwa Tanzania imeidhibiti pepopunda ya watoto wachanga, chini ya mtoto mmoja katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Hata hivyo, kitovu kilichopakwa uchafu bado hupitisha maradhi mengine.

Mama wa leo hufundishwa kliniki mambo mepesi kuyashika. Mtoto akaushwe, alazwe kifuani pa mama, na anyonye katika saa ya kwanza. Dang'a isimwagwe, kwani ndiyo kinga yake ya awali. Asioshwe kabla ya saa 24 kupita. Asipewe maji wala uji mpaka atimize miezi 6. Kitovu kiachwe kikavu, kisitiwe chochote ila alichoagiza muuguzi. Akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akiwa na homa au mwili wa baridi, akishikwa na degedege, au viganja na nyayo zikigeuka manjano, apelekwe hospitali saa ile ile.

Haya mama wa kijijini anayajua. Mwaka jana mke wa mpwa wangu alinipigia simu, mtoto wake ana siku mbili. Akasema: "Mjomba, muuguzi kasema kitovu kisiguswe. Lakini jamaa wa huko Uingereza wanataka kipakwe majivu, na wao ndio waliotuletea pesa za uzazi. Nimsikilize nani?" Nilimjibu amsikilize muuguzi, kisha nikawapigia jamaa wale mmoja mmoja. Baadhi yao wamo humu ukumbini, na hatukugombana.

Ndugu zangu, sisi tuliondoka na mila kama zilivyokuwa siku ile, na wenzetu nyumbani wameendelea mbele. Mabinti zetu hapa Uingereza hutembelewa na mkunga nyumbani. Twamkaribisha chai, na asemalo twalifuata. Muuguzi wa kijijini asemapo yale yale, kwa nini tumpinge kwa simu?

Ombi langu ni mambo mawili. Kwanza, tukipiga simu kwa mzazi, neno letu la mwanzo liwe: "Muuguzi amekwambia nini?" Pili, mfuko wa jumuiya yetu utenge fungu la nauli, likae kijijini tayari, ili mtoto akiugua usiku asingoje pesa kutoka kwetu.

Mwanangu leo angekuwa mama wa zaidi ya miaka 40, huenda amekaa nanyi hapa pamoja na wanawe. Nayasema haya kwa ajili yake.