Gari Dogo la Mizigo na Hesabu ya Safari ya Kurudi

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata waliokusudia kuanza kazi ya kusafirisha mizigo kwa gari dogo.



Kijana mmoja, mkulima na mwana wa mkulima, alinunua gari aina ya kirikuu lililokwisha kutumika kwa shilingi 12,000,000. Milioni nne zilikuwa akiba yake ya misimu mitatu ya alizeti. Milioni nane zilikuwa mkopo wa benki wa miezi 24, na dhamana yake ilikuwa hati ya haki miliki ya kimila ya shamba la mama yake. Gari lilipofika nyumbani majirani walikuja kulitazama, watoto wakapanda bodi. Siku ya tatu lilikuwa barabarani kuelekea mjini na magunia tisa ya mahindi. Mwezi wa nne gia boksi ilikuwa chini kwa fundi, ng'ombe wawili walikwisha kuuzwa, na barua ya benki kuhusu marejesho mawili yaliyochelewa ilimfikia mama kabla ya kumfikia yeye.

Habari za kijana huyo zinasimuliwa hapa bila jina lake, kwa matakwa yake mwenyewe. Hakuwa mvivu, wala mlevi, wala hakukosa wateja. Alikosa hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Inatosha ukurasa mmoja wa daftari.

Safari yake ya kawaida ilikuwa ya kilomita 90 kwenda mjini na 90 kurudi. Nauli ilikuwa shilingi 80,000. Gari likitumia lita moja kwa kilomita 12, safari nzima ni lita 15. Na kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 45,000. Wapakiaji wakachukua 6,000. Mfukoni zikabaki 29,000, na kijana akaziita faida. Lakini gari hunywa mafuta ya injini pia, na tairi huisha. Akiweka shilingi 24 kwa kila kilomita kwa ajili ya hayo, na shilingi 50 kwa kila kilomita kwa ajili ya matengenezo makubwa, siku hiyo inadai shilingi 13,320 nyingine. Bima, leseni na kodi, zikikadiriwa kuwa shilingi 480,000 kwa mwaka wa siku 240 za kazi, ni 2,000 kila siku. Zinabaki shilingi 13,680. Kwa siku 20 za kazi ni shilingi 273,600 kwa mwezi, na rejesho la benki lilikuwa shilingi 400,000. Hapo dereva hajala, na hakuna senti iliyotengwa kwa ajili ya kununua gari jingine hili litakapochakaa.

Bei ya mafuta hubadilika; EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na mwenye gari ana sababu ya kulifuatilia tangazo hilo kama mkulima anavyofuatilia mvua. Anayepatana nauli ya mwezi ujao kwa bei ya mafuta ya mwezi huu amecheza kamari.

Kijana alipoona fedha hazitoshi, alifanya kile ambacho wengi hufanya: aliongeza magunia. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko deni. Magari haya madogo ya Kijapani yenye injini ya ujazo wa sentimita 660 yameundwa kubeba kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 100. Yeye alipakia tisa, na baadhi yalikuwa lumbesa, kwa hiyo uzito halisi alikuwa haujui. Mizani za barabara kuu hushughulika na magari ya kuanzia tani tatu na nusu. Kirikuu hupita bila kuulizwa. Mlima hauna ruhusa ya namna hiyo. Katika mteremko mmoja breki zilianza kutoa moshi, na gari lilisimama kwa sababu tu ukingo wa barabara upande ule ulikuwa wa udongo laini. Mara mbili kabla ya hapo lilikuwa limepanda mlima uleule kwa gia ya kwanza, likilia. Gia boksi haikufa ghafla. Iliuawa safari baada ya safari.

Ukweli ambao muuzaji wa gari hakumwambia, pengine kwa kuwa hakuulizwa, ni kwamba gari dogo haliwezi kushindana na lori kwa uzito. Lori la tani kumi hubeba gunia moja kwa nauli ambayo kirikuu hawezi kuikaribia. Mahindi hayana haraka. Yanaweza kungoja lori hadi Jumamosi. Mwenye gari dogo anauza kitu kingine: anauza saa. Mashine ya kusaga imekatika shafti siku ya gulio. Vifaranga wa siku moja wamefika stendi na jua linapanda. Matenga ya nyanya yameiva kupita kiasi. Msiba umetokea na viti na turubai vinatakiwa kabla ya jioni. Mizigo ya aina hiyo ni midogo, haijai hata bodi, na mwenyewe hatafuti nauli ya chini bali mtu atakayefika.

Huko Marekani, katika visima vya mafuta vya Texas, wapo wanaoishi kwa kazi hiyo. Mwenye pikapu na tela lake hukimbiza kipuri kimoja hadi kwenye kisima kilichosimama, naye hulipwa vizuri kwa sababu kila saa ya kusimama ni hasara inayoizidi nauli. Katika kata hii visima ni mashine za kusaga, mabanda ya kuku na maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo namba ya simu ya mwenye gari iandikwe ukutani katika sehemu hizo, tena simu hiyo ipokelewe. Anayezima simu saa mbili usiku amefunga duka.

Haraka hiyo nayo ina mipaka yake. Aliyeendesha mchana kutwa asikubali safari ya usiku kwa sababu ya nauli mara mbili. Vifaranga wakifa hulipwa; dereva aliyesinzia kwenye usukani hana wa kumlipa, na mara nyingi haendi peke yake.

Kuhusu karatasi, maneno machache yanatosha, kwa kuwa ofisi zipo na maswali hayalipiwi. Kabla ya kulipia gari, mnunuzi aangalie kama namba yake inadaiwa faini za barabarani, kisha ahakikishe kadi inabadilishwa jina. Namba ya mlipakodi hutolewa na TRA bure. Leseni ya kusafirisha mizigo ni ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA. Leseni ya udereva iwe ya daraja linaloruhusu gari la mizigo la biashara. Lori kubwa linadai daraja E. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, lakini jina lake linasema wazi inamlinda nani: hailipii gari la mwenyewe wala mzigo ulio ndani yake. Anayebeba mali ya watu yenye thamani aulize bima ya mzigo, au apatane na mteja kwa maandishi ni nani atakayebeba hasara. Ujumbe wa simu unaotaja mzigo, idadi, mahali pa kushushia na nauli ni maandishi ya kutosha kwa safari nyingi.

Kwenye vizuizi vya ushuru kuna mambo mawili yanayowasumbua madereva wapya. Tangu mwaka 2017, mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru wa mazao. Gari dogo lililopakiwa ipasavyo halifikii uzito huo. Penye malipo halali ya aina nyingine, dereva adai stakabadhi ya mashine na aihifadhi. Jambo la pili ni mkaa na mbao: bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na TFS, mzigo huweza kukamatwa pamoja na gari. Mteja anayesema hati itafuata nyuma kwa pikipiki aachwe aisubiri pikipiki hiyo na mkaa wake.

Baada ya gari kutengenezwa, kijana hakuongeza safari. Alibadilisha kurudi kwake. Zamani alishusha mzigo mjini, akala, akageuza gari likiwa tupu. Kilomita 90 alizilipia mwenyewe kila siku. Sasa hatii moto kabla hajapiga simu tatu: duka la pembejeo, duka la vifaa vya ujenzi, na mama mmoja mwenye duka la jumla ambaye huagiza sabuni na mafuta ya kula. Mzigo wa kurudi humlipa shilingi 30,000, na akitoa 3,000 za wapakiaji zinabaki 27,000, kwa sababu mafuta ya gari yamekwisha kulipiwa na safari ya kwenda. Hapati kila siku. Akipata siku kumi kati ya ishirini ni shilingi 270,000, ambazo zikijumlishwa na zile 273,600 zinakuwa 543,600. Rejesho linalipwa, na 143,600 zinabaki za nyumbani. Si utajiri, na mwezi wa masika, barabara za vijijini zinapokatika, hupungua. Kwa miezi hiyo ameacha kutaja nauli kwa mazoea. Huuliza kwanza hali ya barabara, na pengine hukataa.

Wanaoanza leo wana njia nyingine ambayo yeye hakuifuata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Maelezo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kitakachoomba fedha za gari kijiandae kuulizwa hesabu kama ile iliyofanywa hapa, na pia swali ambalo vikundi vingi hulikwepa: nani atashika usukani, nani atashika daftari, na je, watu hao wawili ni mmoja? Wasiwe mmoja. Aidha, kikundi kisinunue gari kwa fedha zote. Fedha ya mafuta ya mwezi wa kwanza na ya tairi mbili ibaki mkononi, kwa kuwa gari lililosimama kwa kukosa tairi bado linadaiwa.

Kijana wa habari hii anapakia sasa magunia matatu, akipakia mahindi kabisa. Daftari lake liko kwenye dashibodi, limechafuka grisi. Hati ya shamba la mama yake bado iko benki. Yamebaki marejesho tisa.